Viwili Katika Kimoja

Huenda nyumbani kwenu palikuwa na ile radio-kaseti ya miaka ya 1980. Asubuhi ilitoa habari, alasiri kanda ya mawaidha, na hapana aliyelalamika. Basi hatusemi kwamba kila chombo kilichochanganywa ni kibaya, la hasha. Radio na kaseti zilihitaji spika ile ile na umeme ule ule, na zikatumiwa kwa zamu. Hapakuwa na ugomvi baina yao.

Ama televisheni iliyotiwa video ndani yake, hiyo ilikuwa na maneno. Yetu sisi kanda ilikwama tumboni, na televisheni yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Fundi akaibeba yote, nasi tukakaa wiki tatu bila ya picha wala habari.

Lakini mfano ulio wazi zaidi ni wa Nokia, waliotoa Oktoba 2003 chombo walichokiita N-Gage: simu na mashine ya michezo pamoja, kwa dola 299 huko Marekani. Kadi ya mchezo iliwekwa chini ya betri, hata mtu akitaka kubadili mchezo sharti afungue mgongo na kuitoa betri, yaani aizime simu. Na mwenye kuzungumza naye, pa kusikilizia na pa kusemea pametiwa ubavuni, basi hukishika chombo kwa ukingo kama aliyebandika kipande cha mkate sikioni. Watu walicheka, na haki yao. Kioo nacho kilikuwa kirefu kuliko upana wake, ilhali michezo mingi hutaka uwanja mpana. Kila upande ulidhulumiwa ili mwenziwe apate nafasi.

Mwaka 2004 wakaleta N-Gage QD. Kadi ikapata mlango wake, simu ikasikilizwa kama simu. Lakini radio na muziki wa MP3 vikaondolewa! Dawa ya chombo kilichojazwa mno ikawa ni kukipunguza.

Atasema mtu: mbona simu za leo zimekusanya kila kitu? Kweli. Tangu iPhone ya 2007, kioo kimoja huwa ramani ukitaka, na barua ukitaka, kwa zamu, kama ile radio-kaseti. Hata hivyo, betri ikiisha safarini huna saa, huna tochi, wala namba ya mtu wa kumpigia. Mimi saa yangu ya mkono sijaivua.