Mgongo ni Nguo Tu

Mvua zikikatika kijijini Oloipiri, nyasi husalia na kelele zake. Katikati ya kelele hizo nilimkuta mzee mmoja wa Kimaasai, mbuzi wamemtangulia, amefumba kiganja.

"Shikamoo, babu. Ni nzige huyo?"

"Marahaba. Mgeuze kwanza, mjukuu wangu. Mgongo ni nguo tu."

Alimshika kwa mabawa yaliyokunjwa. Ukimshika paja, panzi atakuachia paja aende zake. Akamlaza chali, akanionyesha koo, pale miguu ya mbele inapokutana. Pengine pana kinundu kidogo kama punje ya mtama, pengine hapana kitu. Nzige wa jangwani anacho, kimesimama wima na ncha yake ni butu. Mimi nimetazama panzi tangu utotoni, na koo la hata mmoja sikuwahi kuliona.

Kisha akalivuta bawa la nyuma taratibu, kama anayefunua kanga mpya. Likatoka jekundu, na juu yake utepe mweusi. Nzige wa jangwani hana nakshi hiyo. Bawa lake la nyuma ni angavu. Rangi ya mwili nayo hudanganya: kijana wa kundi ni wa waridi, akikomaa huwa wa njano. Mwaka 1921 mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alieleza kwamba nzige wawili waliopewa majina mawili walikuwa mdudu mmoja, aliyegeuzwa na msongamano. Mzee hakumsoma Uvarov. Na senene wa Bukoba? Huyo vipapasio vyake virefu kama uzi humtaja mapema, hahitaji kupinduliwa.

Mwanzoni mwa 2021, makundi yalipoingia wilaya za Mwanga, Simanjiro na Longido, hofu ilitembea kuliko nzige wenyewe. Kila kilichoruka kikaitwa nzige. Vijana walimletea mzee picha kwenye simu, zote za mgongo.

"Niliwauliza, tumbo liko wapi? Wakacheka."

Hakuna aliyekaa naye kujifunza, na macho yake sasa yana ukungu. Siku hizi hutafuta kinundu kwa ukucha.

Mjukuu wake alikuwa karibu nasi, amejiandaa na simu. Mzee akafungua kiganja. Wekundu ukamulika mara moja, ukazimika nyasini.

Kijana akatutolea picha. Ilikuwa ya nyasi.