Namna ya Kuitambua Sosi Bora ya Vitunguu

Sosi ya kuchovya ya vitunguu hukusanya vitu vitatu: vitunguu vilivyokaangwa polepole hadi vikawa vitamu, maziwa mazito yaliyochacha, na pilipili kiasi cha kuuchangamsha ulimi bila kuuchoma. Huliwa baridi, kwa krispi za viazi, mhogo wa kukaanga, karoti, matango au mkate. Kwa kuwa viungo vyake ni vichache na vya kawaida, wengi hudhani ubora wake unatokana na bei ya krimu au wingi wa bizari. Sivyo. Karibu kila mara kinachotenga sosi nzuri na mbaya ni maji: yametolewa kiasi gani kwenye vitunguu, kiasi gani kwenye maziwa, na kama yale yaliyobaki yametulia.

Asili ya sosi hii nchini Marekani inalionyesha jambo hilo vizuri. Kampuni ya Lipton ilianza kuuza unga wa supu ya vitunguu mwaka 1952, na karibu mwaka 1954 mpishi wa nyumbani asiyejulikana jina, mjini Los Angeles, anasemekana kuuchanganya unga huo na krimu chachu bila kupika chochote. Sosi ikaenea haraka ikiitwa sosi ya California, na kampuni yenyewe ikaanza kuitangaza. Siri ya mafanikio yake ilikuwa ukavu. Vipande vya kitunguu vilivyomo kwenye unga havina maji ya kuiharibu krimu. Kinyume chake huyanyonya maji ya krimu, na sosi huzidi kuwa nzito kadiri inavyokaa. Anayetaka kuitengeneza kwa vitunguu vibichi vya sokoni hana budi kuufikia ukavu huo kwa moto na subira, na malipo yake ni utamu ambao unga wa pakiti haujawahi kuwa nao.

Kazi huanza kwenye kuchagua kitunguu. Kitunguu kibichi ni maji kwa takriban asilimia 89, lakini aina hutofautiana. Vitunguu vyekundu vikali, kama vile vinavyolimwa Mang'ola wilayani Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, hufaa kuliko vile vikubwa vyeupe vya saladi. Ule ukali unaotoa machozi huondoka kwa moto, utamu uliokuwa umefichwa chini yake hubaki, na kwa kuwa nyama ya kitunguu kikali ni kavu zaidi, sufuria hubakiza kitu cha maana. Kitunguu kizuri ni kizito mkononi, ganda lake ni kavu na lina mchakacho, na shingo yake ni nyembamba iliyojifunga. Shingo ikibonyezwa na kuzama, ndani kuna unyevu au uozo. Kilichoanza kuchipua kimeshatumia sehemu ya sukari yake. Kinafaa kwa mchuzi, si kwa sosi hii.

Vitunguu hukatwa nyuzi zenye unene wa milimita tatu hivi, zote sawa. Ulinganifu huu si wa mapambo, kwa maana uzi mwembamba huungua na kuwa mchungu wakati mnene ungali mbichi, na uchungu wa nyuzi chache hutosha kuliharibu bakuli zima. Baada ya kupoa, nyuzi hizo hukatwakatwa tena ziwe ndogo kiasi cha kukaa juu ya krispi moja. Sosi ambayo kila mchovyo huvuta uzi mrefu wa kitunguu unaoning'inia imefanywa kwa haraka, hata kama ladha yake ni njema.

Ukaangaji ndio moyo wa kazi, na hapo ndipo wapishi wengi hukata tamaa mapema. Nusu kilo ya vitunguu vilivyomenywa huhitaji vijiko vikubwa vitatu vya mafuta, chumvi kidogo, kikaango kipana chenye kitako kizito, na dakika 40 hadi 50 za moto mdogo. Maadamu maji yamo, joto la vitunguu haliwezi kupanda sana juu ya nyuzi 100 za Selsiasi, na kwa joto hilo hudhurungi haiji kwa kasi ya maana. Kwa hiyo robo saa ya kwanza kazi yote ni kufukuza maji. Anayesikiliza kikaango huipata hatua hiyo kwa sikio: mwanzoni kuna mvumo mzito wa mvuke, baadaye mvumo hupungua na kuwa mlio mwembamba wa mafuta, na mafuta yaliyokuwa yamemezwa hujitokeza tena pembeni mwa vitunguu. Hapo ndipo rangi huanza kuja, kutoka dhahabu hafifu hadi kahawia iliyokolea.

Katika hatua hiyo ukoko mwembamba hujijenga kwenye kitako. Ukoko wa kahawia ni hazina: hudondoshewa kijiko au viwili vya maji, hukwanguliwa kwa mwiko na kurudishwa ndani ya vitunguu, na huweza kurudiwa mara mbili au tatu. Maji hayo machache hayadhuru kwa sababu hukauka papo hapo. Ukoko mweusi ni hasara, nao haufai kukwanguliwa. Mwisho wa kazi, ile nusu kilo hubaki takriban gramu 120 hadi 150, yenye kunata na kung'aa. Kikaango kikitoa gramu 250, vitunguu havijaiva, na sosi itadhihirisha hilo kesho yake.

Wapo wanaotia magadi au baking soda kidogo ili rangi ije upesi. Rangi huja kweli, lakini magadi huvunja kuta za kitunguu na kukigeuza uji, na ladha huwa ya sabuni kwa mbali. Wapo pia wanaotia sukari. Sosi yao hutambulika kwa utamu unaofika ulimini kwanza na kutoweka, tofauti na utamu wa kitunguu ambao huja polepole na kukaa.

Wapishi wa pwani ya Afrika Mashariki wana njia nyingine ambayo tayari wanaifahamu: vitunguu vya biriani, vinavyokaangwa kwenye mafuta mengi hadi vikauke na kuvunjika. Hivyo navyo vimezoea kukutana na mtindi ndani ya sufuria ya masala. Vikipondwa na kutiwa katika sosi hii huipa harufu ya kina na uchungu mdogo wa kupendeza, ingawa havina ule ulaini wa vitunguu vya moto mdogo. Sosi bora kuliko zote hutumia vyote viwili: vile vya polepole ndani, na kiganja cha vile vikavu juu, dakika chache kabla ya kuandaliwa.

Kuhusu maziwa, Wamarekani hutumia krimu chachu, ambayo kwa sheria yao haipungui asilimia 18 ya mafuta. Mahali ambapo krimu hiyo ni adimu au ghali, mtindi halisi uliochujwa huifanya kazi hiyo vyema. Lita moja ya mtindi wa maziwa yasiyoenguliwa mafuta hutiwa katika kitambaa safi cha pamba, hufungwa na kuning'inizwa juu ya bakuli ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi hubaki nusu yake au pungufu, nzito kiasi cha kusimamisha kijiko. Mtindi wenye sukari au vanila haufai kabisa. Ule uliotiwa wanga au jelatini ni mtego, kwa kuwa huonekana mzito ndani ya kopo ilhali maji yake hayachujiki vizuri, na mdomoni huacha utelezi. Mtindi usio na mafuta hutoa sosi kali yenye ladha ya chokaa. Vijiko viwili vya mayonizi au jibini laini huweza kuusaidia, lakini hauponi.

Vitunguu visiingie kwenye mtindi vikiwa na moto. Joto huyeyusha mafuta ya maziwa na kuulegeza mtindi, na kilicholegea hivyo hakirudi. Vikishapoa kabisa, hukunjwa ndani kwa mwiko, mizunguko michache tu. Mashine ya kusagia ni adui hapa, kwani hukata ule utando unaoshika maji ya mtindi, na sosi iliyokuwa nzito hugeuka kinywaji.

Pilipili inataka ufahamu zaidi kuliko ujasiri. Kapsaisini, dutu inayoleta ukali, huyeyuka katika mafuta na si katika maji, na protini ya maziwa iitwayo kaseini huishika na kuupoza moto wake. Ndiyo maana pilipili ya unga ikinyunyizwa kwenye mtindi baridi hukaa kwa madoadoa: mchovyo mmoja kimya, wa pili moto. Mahali pake ni kwenye mafuta ya vitunguu, dakika mbili au tatu za mwisho, pamoja na bizari nyembamba na pilipili manga. Njia ya kifahari zaidi ni ile ya mchuzi wa pwani, ya kuiacha pilipili mbuzi nzima, isiyopasuka, ielee katikati ya vitunguu na kisha kuitoa. Hubakiza harufu yake tamu ya matunda na ukali kidogo tu. Anayetaka ukali zaidi huipasua na kuondoa utando mweupe unaoshika mbegu, kwa sababu humo ndimo moto mwingi unamokaa.

Sosi ya pakiti hupata ladha yake ya nyama kutokana na viungo vya supu. Ya nyumbani huikaribia kwa kijiko kidogo cha soya sosi kinachokaukia kwenye kikaango. Chumvi hupimwa mara mbili, kabla na baada ya kupoza, maana baridi hupunguza ladha. Ndimu huongezwa kwa matone, na pale tu mtindi unapokosa uchachu.

Kisha sosi hupumzika, si chini ya saa mbili, na vizuri zaidi usiku mzima. Vitunguu hulainika tena, bizari husambaa, na makosa hujitokeza.

Jaribio la uhakika kuliko mengine ni la sahani. Kijiko kimoja cha sosi iliyopumzika huwekwa katikati ya sahani bapa na kuachwa dakika kumi. Iliyofanywa vizuri husimama ilivyo, pembeni mwake pakiwa pakavu. Pete ya maji ya manjano hafifu ni ya mtindi usiochujwa vya kutosha. Majimaji ya kahawia yanatoka kwenye vitunguu vilivyotolewa mapema. Pete ya mafuta husema vitunguu viliingia vingali moto. Kitunguu kibichi au majani ya kitunguu yakichanganywa mapema nayo huleta maji, kwa kuwa chumvi huyavuta kutoka ndani. Vitu hivyo hukatwa na kunyunyizwa wakati wa kuandaa.

Ulimini mpangilio nao una maana. Utamu wa kitunguu hutangulia, uchachu huufuata na kuusafisha, na pilipili huja mwisho, baada ya kumeza, joto lililo nyuma ya koo. Pilipili ikitangulia imezidi. Rangi inayotakiwa ni ya maziwa yenye chai kidogo, yenye vipande vya kahawia vilivyotawanyika. Kijivu ni dalili ya kitunguu chekundu kisichokaangwa vya kutosha.

Ndani ya friji, katika chombo kilichofunikwa, sosi hudumu siku tatu hadi nne. Mezani haipaswi kupita saa mbili, na katika joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja. Kinachobaki kwenye bakuli lililochovywa na wengi hakirudishwi kwenye chombo cha akiba.