Donge Halipungui: Namna ya Kupima Kubonyea na Kuvutika Katika Katuni

Chukua donge la unga wa chapati kabla hujalisukuma. Libonyeze kwa kiganja: kimo kinashuka, ubavu unatanuka. Livute kwa vidole vya mikono miwili: linarefuka, na katikati linakuwa jembamba. Unga haukuongezeka wala haukupungua. Mpishi hana haja ya kuambiwa, kiganja chake kilishazoea. Mchoraji wa katuni anapaswa kulijua jambo hilohilo kwa ncha ya penseli, na nikiletewa kazi ya mchoraji nisiyemjua niipime, hapo ndipo ninapoanzia. Je, donge lake linapungua?

Kanuni ya kubonyea na kuvutika ilikomaa katika studio ya Walt Disney miaka ya 1930. Kabla ya hapo katuni za Marekani zilijaa mikono na miguu iliyofanana na mipira ya kumwagilia bustani: inapinda popote, haina kiwiko wala goti, inarefuka bila kuwa nyembamba. Mickey wa Steamboat Willie, filamu ya mwaka 1928, ni wa ukoo huo. Fred Moore, mmoja wa waliochora nguruwe wa Three Little Pigs mwaka 1933, ni miongoni mwa waliobadili mambo. Nguruwe wake wana nyama. Wakiruka, tumbo linavutika na kiuno kinaingia ndani; wakitua, nyama inashuka na mashavu yanajaa. Frank Thomas na Ollie Johnston walipokusanya maarifa ya studio hiyo katika kitabu The Illusion of Life, kilichotoka mwaka 1981, walieleza kanuni kumi na mbili, na hii wakaiweka ya kwanza. Nami ningeiweka hapohapo.

Zoezi linaloieleza vizuri kuliko maneno yangu ni la gunia la unga lililojaa nusu, nalo lilitoka studio hiyohiyo. Likiangushwa, unga unatulia chini na kitambaa cha juu kinalegea. Likishikwa pembe mbili za juu na kunyanyuliwa, linarefuka na mikunjo inakimbilia pale lilipokamatwa. Pembe nne zinatosha kuwa mikono na miguu, na gunia lisilo na macho wala mdomo linaweza kuhuzunika, kuringa, hata kununa. Ninapolitazama gunia la mwanafunzi, mbwembwe zake naziacha kwanza, macho nayaweka tumboni. Linaruka: je, tumbo lilibaki nyuma kidogo pembe za juu zilipotangulia? Linatua: je, unga ulishuka ukatafuta pa kukaa, au ni mstari wa nje tu uliojikunja kama kanga iliyotupwa kitandani? Katika mchoro mmoja, gunia tupu na gunia lenye unga yanaweza kufanana. Katika michoro kumi mfululizo, lililo tupu litajulikana.

Kisha mpira unaodunda. Wengi huuona zoezi la wiki ya kwanza na kulipita haraka, lakini sijui zoezi linaloanika mkono wa mchoraji kuliko hili. Simamisha picha. Filamu hukimbia fremu 24 kwa sekunde, na katika katuni za kuchorwa kwa mkono kila mchoro mara nyingi hushikiliwa kwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Sogeza mmoja mmoja.

Kileleni, mpira uwe duara kamili. Hapo mwendo ni mdogo, na mpira unaorefuka ilhali umetulia hewani unaonekana kuvutwa na mtu aliyejificha. Ukianza kushuka, michoro inaachana zaidi na zaidi, na mpira unarefuka kwa kufuata njia yake. Nasisitiza njia yake. Mpira uliorushwa kutoka kushoto kwenda kulia huchora upinde, na urefu wake unapaswa kulala juu ya upinde huo. Nimeona kazi nyingi safi zikiharibiwa na kosa hili moja: mpira unakwenda mshazari huku umesimama wima kama yai kwenye kikombe. Kuvutika huko kuna faida nyingine kwa jicho. Kitu kinachokwenda kasi huacha pengo kati ya mchoro na mchoro, na pengo likiwa kubwa tunaona vitu viwili vinavyopepesa, hatuoni kimoja kinachosafiri. Mpira ukirefuka, mkia wa mchoro mpya unafika pale kilipoishia kichwa cha mchoro uliotangulia, na pengo linazibika.

Sasa umefika chini, na hapa nenda polepole. Kuna mchoro ambao mpira unagusa tu ardhi, bado umerefuka. Mchoro unaofuata ndio uliobonyea. Wanaoanza huuruka ule wa kugusa: mpira uko hewani, mara umebapa. Mtazamaji hatajua kilichokosekana, ila mgongano hautamfika mwilini. Mchoro wa kugusa ukiwepo, unahisi kishindo hata sauti ikiwa imezimwa. Kubonyea kwenyewe kuwe kwa mchoro mmoja, pengine miwili, kisha mpira uchomoke ukiwa umerefuka tena, sehemu yake ya chini ikiwa ingali imeshika ardhi. Ukikawia pale chini, si mpira tena, ni tope. Halafu tazama midundo inayofuata: kila kilele kiwe chini ya kilichotangulia, na kubonyea nako kupungue, kwa kuwa mpira unaanguka kutoka karibu zaidi. Wengi hupunguza vilele wakasahau kupunguza kubonyea, na mdundo wa mwisho, ulio mdogo kama kiganja, unapiga chini kwa nguvu ya ule wa kwanza.

Kwenye kompyuta hesabu iko wazi zaidi. Umbo la pande tatu likirefushwa mara mbili, upana na kina haviwi nusu. Kila kimoja kinashuka hadi karibu 0.71, kwa kuwa 2 mara 0.71 mara 0.71 inarudisha moja. Anayeandika 0.5 pande zote mbili amepoteza nusu ya ujazo, na mpira wake unakonda kila ukienda kasi na kunenepa kila ukitulia. Likibonyezwa hadi nusu ya kimo, pande mbili zile zinapanda hadi karibu 1.41. Penseli haina namba hizi, na mchoraji wa karatasi hupima kwa jicho. Lakini jicho lililozoea hukaribia sana, na lisilozoea hujidanganya upande uleule siku zote, upande wa kukonda.

Donge likishasalimika, ninauliza kitu chenyewe kimetengenezwa kutokana na nini. Mpira wa chandimu, ule wa matambara na mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba, hubonyea kidogo na hunyanyuka kidogo zaidi; kilele chake cha pili hakifiki hata magotini. Puto lenye maji linatandaa, linarudi, linatetema, na mtetemo wake unachukua muda kuisha. Tufe la chuma halibonyei kabisa, na uzito wake utauona kwenye ubao ulioyumba lilipoupiga na kwa namna linavyokataa kunyanyuka. Nikikuta vyote vitatu vimebonyezwa kwa kipimo kimoja, najua mchoraji amekariri umbo bila kukitazama kitu. Hili hunisikitisha kuliko makosa ya ujazo, kwa sababu ujazo hurekebishwa kwa jioni moja, na kutazama huchukua miaka.

Usoni kanuni hii inahitaji mfupa. Fuvu la juu halinyumbuki. Taya linashuka, mashavu yanapanda, midomo inavutika. Mtazame mtu akitafuna tonge la ugali: shavu moja limejaa, la pili limeingia ndani, kidevu kinazunguka, paji la uso limetulia. Mchoraji hodari ataliacha paji hilo litulie na kuipa nyama uhuru wote. Asiyejua atauvuta uso mzima kama barakoa ya mpira, na mhusika atapoteza sura yake kila anaposema neno. Kupepesa macho ni mtihani mdogo ninaoupenda: kabla macho hayajafunguka kwa mshangao, uso mzuri hujikusanya kwanza, nyusi zinashuka, mashavu yanapanda, kope zinabanwa, ndipo kila kitu kinafunguka kwa pamoja. Ule mkusanyiko wa michoro miwili au mitatu ndio unaofanya mshangao uaminike.

Ngozi yenye mapambo ina ugumu wake. Katika Tinga Tinga Tales, mfululizo uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, wanyama wamevikwa madoa na mistari kwa mtindo wa picha za Tingatinga za Dar es Salaam. Mwili wa namna hiyo ukivutika, madoa huweka ushahidi hadharani. Doa likibaki duara wakati shingo imerefuka, linaonekana limebandikwa juu ya kioo na mnyama anapita nyuma yake. Doa likirefuka pamoja na shingo, likawa jembamba pale nyama ilipokuwa nyembamba, ngozi inaaminika. Kila unapotazama chui, twiga au kanga, tazama doa kabla ya kutazama mstari wa nje.

Na bado, mfano bora ninaoujua wa kanuni hii ni wa kitu kisichobonyea hata kidogo. Luxo Jr., filamu fupi ya Pixar iliyoongozwa na John Lasseter mwaka 1986, ina taa mbili za mezani, kubwa na ndogo, na mpira. Taa ni chuma. Kabla ya kuruka, ile ndogo inakunja viungo vyake mpaka kichwa kinakaribia kitako; ikiruka inanyooka; ikitua inakunjika tena. Viungo na springi vimefanya kazi ambayo nyama ingefanya. Lasseter aliliandika wazo hilo mwaka uliofuata, kwamba kitu chenye viungo hubonyea kwa kujikunja chenyewe, na tangu nilipolielewa natazama hata milango ya katuni kwa jicho jingine.

Lakini tazama mpira. Taa ndogo inaupanda, inadunda juu yake, mpira unaishiwa hewa na kubapa. Hapa donge limepungua kweli, na mtazamaji halalamiki, kwa kuwa anajua kilichotoka na kilipotokea. Mpira haurudi kuwa duara. Taa inaugeuza upande wa pili, inautazama, kisha inainamisha kichwa, viungo vikikunjika polepole, na kila kipande cha chuma kina urefu uleule kilioanza nao.