KUKESHA NA NANI? UHAKIKI WA MAHUBIRI YA SIKU ZA MWISHO NGARA NA BIHARAMULO

Mulokozi (1989) aliyaweka mawaidha katika utanzu wa mazungumzo, lakini wahakiki wetu wengi huyaacha mahubiri kanisani, kana kwamba fanani akishika Biblia hahakikiwi tena. Katika makala haya nakusudia kuyahakiki mahubiri ya siku za mwisho kama nilivyoyasikia wilayani Ngara na Biharamulo.

Kifani, mahubiri haya yana nguvu. Fanani hutaja ishara za Mathayo 24 moja baada ya nyingine: vita, njaa, matetemeko; hadhira huitikia. Takriri hiyo hupandisha hofu hatua kwa hatua, kisha huja amri ya kukesha. Na kwa Ngara ishara hizo si hadithi. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, watu waliokadiriwa na UNHCR kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wakapiga kambi Benaco. Aliyeyaona hayo huwezi kumcheka akisema dunia imefika mwisho.

Kimaudhui, hapo ndipo ninapogombana na wahubiri wetu. Wengi huishia kwenye ishara, au wakijitahidi sana hufika kwa wanawali kumi wa Mathayo 25, wakadai kwamba wapumbavu ndio waliolala. Siyo kweli, jamani! Wote kumi walipitiwa na usingizi. Kilichowatofautisha ni mafuta. Basi kukesha si kukodoa macho tu, bali ni kuwa tayari kutenda saa ikifika.

Kutenda nini? Jibu limo mwishoni mwa sura hiyohiyo, katika hukumu ya kondoo na mbuzi: watu wanapimwa kwa walivyomtendea mwenye njaa, mgonjwa, mfungwa na mgeni. Maelezo yaliyoanza na vita yanamalizikia kwa mgeni aliye mlangoni. Ukiukata mwisho huo, umeharibu muundo mzima.

Hata lugha yetu inatuunga mkono. Tunakesha na mgonjwa, tunakesha msibani. Yaani, tunakesha kwa ajili ya mtu.

Mtu atanijibu kwamba wageni wale hawakuwa malaika. Ni kweli. Miongoni mwao walikuwamo walioshiriki mauaji ya kimbari. Miti ilikatwa kwa kuni, na Desemba 1996 Wanyarwanda wote walitakiwa kurudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Lakini hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mahubiri: kumsaidia mwanakijiji ampokee mgeni bila kumficha muuaji. Fanani anayemfanya mkimbizi kuwa ishara tu anamnyima utu wake, maana ishara haioni njaa wala haiugui.

Nawaomba wanafunzi wenzangu, mkienda likizo, msikilize mahubiri hayo kwa sikio la mhakiki. Msiulize tu fanani ameanzia wapi. Ulizeni ameishia wapi.