Kiima na Kitenzi Chake

Kuna kitabu kidogo cha Kiingereza kiitwacho The Elements of Style, ambacho kwa miaka mingi watu wamekiheshimu kana kwamba ni sheria ya uandishi. William Strunk, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alikichapisha mwenyewe mwaka 1918 kwa ajili ya wanafunzi wake. Mmoja wa wanafunzi hao, E. B. White, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alikirekebisha na kukiongeza, kikatoka upya mwaka 1959. Tangu hapo kimeuzwa kwa mamilioni.

Ninakipenda. Ni kifupi, hakina majivuno, na mengi ya mashauri yake yanafaa. Hata hivyo, shauri lake lililoenea kuliko yote, la kupendelea kauli ya kutenda badala ya kauli ya kutendwa, limewapoteza watu njia. Kitabu chenyewe kinakiri kuwa mara nyingine kauli ya kutendwa ni ya lazima. Walimu wengi wakalisahau hilo, wakabaki na katazo tupu. Tena, mwaka 2009 mwanaisimu Geoffrey Pullum alionyesha kwamba, katika mifano minne inayotolewa hapo kama makosa ya kusahihishwa, mitatu haina kauli ya kutendwa kabisa. Ikiwa mwenye sheria mwenyewe hamtambui mkosaji, sisi wengine tutamkamataje?

Shauri linalotufaa zaidi sisi tunaotoka katika Kiswahili limo humo humo, na wengi hulipita: kwamba maneno yanayohusiana yakae karibu, kwa kuwa katika Kiingereza mahali pa neno ndipo panapoonyesha uhusiano wake na mengine. Kitabu kinalisema hilo kwa ufupi, maana kinazungumza na watu waliozaliwa na lugha hiyo. Mgeni anahitaji maelezo zaidi.

Tazama, msomaji. Sisi tunaweza kusema "Mtoto amekipoteza kitabu", au "Kitabu amekipoteza mtoto", na hakuna atakayebabaika. Ile "a" inamshika mtoto, na ile "ki" inakishika kitabu. Kiingereza husema "The child lost the book". Hamisha majina hayo mawili tu, na kitabu ndicho kilichompoteza mtoto!

Kwa sababu hiyo hiyo Kiswahili huvumilia umbali. "Barua ambayo mwenyekiti aliyechaguliwa mwaka jana aliwaandikia wazee kuhusu kisima imepotea." Tumepita kwa mwenyekiti, kwa wazee na kisimani, lakini tukifika kwenye "imepotea" tunajua kilichopotea ni barua, kwani mwenyekiti angekuwa "amepotea" na kisima "kimepotea". Upatanisho wa ngeli umeturudisha nyumbani. Ihamishe sentensi hiyo katika Kiingereza kwa mpangilio ule ule, nawe utafika mwishoni ukutane na "has been lost", maneno yanayowafaa barua, mwenyekiti na kisima sawasawa. Msomaji hana budi kurudi nyuma kutafuta mwenyewe.

Dawa yake ni rahisi: msogeze kiima jirani na kitenzi chake. "The letter about the well has been lost." Habari za mwenyekiti na wazee zipewe sentensi ya pili. Na angalia kwamba nimeiacha kauli ya kutendwa mahali pake, kwa sababu barua ndiyo habari yetu na aliyeipoteza hatumjui.

Jambo hili si la darasani tu. Jirani yangu, mjane, aliwahi kupokea barua ya Kiingereza kutoka ofisi moja kuhusu mafao ya marehemu mumewe. Ilikuwa sentensi moja ya mistari saba. Madai yake yalitajwa mwanzoni. Katikati kulikuwa na kanuni, tarehe na vifungu. Na mkiani kabisa ndipo kilipokaa kitenzi, kwamba madai hayo yangekoma asipoleta cheti cha ndoa katika siku 30. Kijana wa kidato cha nne alimsomea, akamwambia kwamba ofisi inalishughulikia shauri lake. Mama akashukuru, akangoja. Siku zikaisha, na ilimchukua mwaka mzima kuyafufua madai yale.

Kijana hakuwa mjinga. Alisoma Kiingereza kama tunavyosoma Kiswahili, akitumaini kwamba kitenzi kitamkumbusha chenyewe ni cha nani. Na vitenzi vya barua ile vilikuwa katika kauli ya kutenda, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Katazo mashuhuri la kitabu chetu lisingemwokoa mama yule hata kwa siku moja.

Basi, anayetaka kuandika Kiingereza kinachoeleweka asianze kwa kuwinda kauli ya kutendwa. Achukue kalamu, apige mstari chini ya kiima, apige mwingine chini ya kitenzi, kisha ahesabu maneno yaliyosimama katikati. Yakiwa mengi, ayaondoe au ayape sentensi yao. Kazi hiyo haihitaji kipaji. Inahitaji kumkumbuka mtu atakayeisoma barua, na aliyeketi kando yake akisubiri kuambiwa imesema nini.