Fundi Asiyeiamini Skrini

Gemu linapokwama katikati ya mapigano, picha ikaganda, skrini ikawa nyeusi, kisha ukatokea ujumbe kwamba draiva ya kadi ya grafiki imeacha kuitika, wachezaji wengi hukimbilia kupakua draiva mpya. Fundi mzuri hafanyi hivyo. Anauliza kwanza: "Ilianza lini?"

Huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Katika vijiji vya upande wa Buleusa, huku Walikale mashariki mwa Kongo, umeme ni wa paneli za jua au wa jenereta, na gemu la kompyuta ni starehe ya wachache. Mashine yenyewe mara nyingi imeshatumika ng'ambo kabla ya kufika huku, ikapigwa vumbi njia nzima. Kwa mashine ya namna hiyo, skrini ni shahidi dhaifu. Tangu toleo la Vista, lililotoka 2007, Windows huipa kadi ya grafiki sekunde 2 tu za kujibu. Zikipita kimya, mfumo huiwasha kadi upya na kuandika kwamba draiva ndiyo iliyokwama. Kumbe draiva ni mjumbe tu. Huenda feni imejaa vumbi, huenda pawa saplai imechoka, huenda gemu lenyewe liliandikwa vibaya.

Kwa hiyo fundi anaendelea kuuliza. Linakwama gemu moja au yote? Likiwa moja, anaanza kulishuku gemu hilo. Yakiwa yote, tena baada ya dakika kumi na tano hivi, anagusa bomba la joto na kuangalia feni. Mashine ikizima ghafla pale tu picha zinapokuwa nzito, anataka kujua ilikuwa ikitumia umeme gani, maana kadi inapodai nguvu nyingi ndipo pawa saplai dhaifu inapoumbuka, na jenereta inayoyumba huzidisha balaa.

Uchunguzi ninaoupenda kuliko yote hauhitaji kifaa chochote. Kompyuta inawashwa, na kabla Windows haijapanda, skrini inajaa mistari na madoa ya rangi. Wakati huo draiva bado haijaanza kazi, kwa hiyo haina hatia. Ugonjwa kwa kawaida umo ndani ya kadi. Kujua hilo ni kujua nini huamka kabla ya nini, na elimu hiyo wengine huipata bila kukanyaga darasa.

Ikibainika kwamba draiva kweli ina kosa, inang'olewa mpaka mizizi kompyuta ikiwa katika hali salama, kwa programu kama Display Driver Uninstaller. Kisha linawekwa toleo lililozoeleka kuwa tulivu, hata likiwa la zamani. Machi 2010 kampuni ya kadi za grafiki ya NVIDIA ililazimika kuliondoa toleo lake jipya la draiva, 196.75, kwa sababu lilivuruga feni na kadi zikapata joto la hatari. Siku hizi faili moja la draiva huzidi megabaiti 500, na bando ni ghali. Mwenye akili huhifadhi matoleo kadhaa kwenye flashi.

Halafu fundi anabadilisha kitu kimoja, anacheza, anasubiri. Wapo wanaobadilisha vitano kwa mpigo: mashine inapona, na hakuna ajuaye imeponaje, hata wao. Wapo pia wanaoongeza zile sekunde 2 ndani ya mipangilio ya Windows. Kama jaribio, sawa. Kama tiba, ni kumfunga mgonjwa mdomo.

Kuna ugonjwa mmoja unaotuhusu zaidi sisi wa Kivu. Chipu hushikwa kwenye ubao kwa vitone vya lehemu, na tangu Ulaya ilipozuia madini ya risasi katika vifaa vya umeme Julai 2006, lehemu hiyo kwa sehemu kubwa ni bati. Vitone hivyo vikipata moto na kupoa kila siku, huweza kupasuka. Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa mapema, ikataja udhaifu wa malighafi za kufungia chipu. Hapo hakuna draiva ya kupakua.

Bati hilo linachimbwa Bisie, humu humu Walikale: zaidi ya tani 17,000 mwaka 2024, kabla ya vita kusimamisha kazi kwa wiki kadhaa Machi na Aprili 2025. Rubaya, huko Masisi, hutoa koltani, ambayo tantalamu yake huingia kwenye kapasita. Madini yanaondoka ghafi, mashine zinatufikia zimechakaa, na anayezipa miaka mingine ya uhai ni kijana mwenye bisibisi na brashi.

Ukimpelekea kompyuta, usimwambie draiva imekufa. Mwambie ilianza lini, gemu lipi, na kama jenereta ilikuwa inayumba. Akimaliza siku nzima bila kubadilisha kipuri hata kimoja, na gemu likacheza, mlipe bila kunung'unika.