Talanta ya Padri Kaoze

Stefano Kaoze alikuwa angali mseminari alipoandika kwa Kifaransa «La psychologie des Bantu», iliyotolewa katika La Revue congolaise mwaka 1911. Wageni wengi wakati ule walidhani ya kuwa mtu mweusi hana mawazo ya ndani. Kaoze hakuwagombeza, aliwaeleza namna watu wa Marungu wanavyofikiri na kutaka. Tena mwandishi mwenyewe, mwana wa Marungu, alikuwa ushahidi. Hiyo ndiyo nguvu ya kazi yake.

Lakini tuseme na upungufu wake. Kichwa chataja Wabantu wote, kumbe aliowajua sawasawa ni watu wa kwao. Tena wazee wenye hekima ile hawakujua Kifaransa: mavuno yalikwenda mbali, shamba halikuyaonja.

Hata hivyo hakufukia talanta yake kama mtumishi yule wa Injili. Alipewa upadri mwaka 1917, wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi, akatumikia watu hadi kufa kwake mwaka 1951.

Basi, katekista wa Zongwe anayejua methali za wazee aziandike kwa lugha yao, azitumie katika mafundisho. Hivyo faida itawarudia wenye shamba, na Mungu atatukuzwa.